Muziki wa Gemu Ni Muziki

Muziki wa gemu ni ule unaotungwa ili usikike wakati mchezo wa video unachezwa. Ulianza na milio michache kwenye mashine za kuchezea kwa sarafu mwishoni mwa miaka ya 1970, hasa nchini Japani, na leo unarekodiwa na okestra kamili, kwaya, bendi za jazi na mafundi wa muziki wa elektroniki. Miaka yote hiyo hukumu ya watu wengi juu yake haijabadilika: ni makelele ya watoto. Mzazi humwambia kijana apunguze hizo kelele. Mwalimu wa muziki haufundishi. Mhariri wa burudani huandika juu ya Bongo Fleva, gospo na dansi, na habari za gemu huzipeleka ukurasa wa teknolojia, kana kwamba zinahusu nyaya tu. Kijana anayesikiliza muziki wa gemu ya Final Fantasy ndani ya daladala, bila gemu yoyote mkononi, huonekana mtu ambaye hajakua. Hukumu hiyo imejengwa juu ya madai kadhaa yanayorudiwa kila mahali, na kila moja linastahili kujibiwa kwa ukamilifu, kwa sababu linawanyima watunzi heshima yao na wasikilizaji haki ya kuchukuliwa kwa uzito.

Dai kongwe linahusu sauti zenyewe: ni milio ya mashine, na mashine haiimbi. Hata enzi za mashine za kwanza dai hili halikuwa la kweli. Mwaka 1978 kampuni ya Taito ilitoa Space Invaders, gemu iliyobuniwa na Tomohiro Nishikado. Muziki wake wote ni noti nne za besi zinazoshuka na kurudi tena na tena. Kadiri wavamizi wanavyopungua na kukaribia ardhi, noti hizo huongeza mwendo, na mchezaji huanza kuharakisha mikono pamoja nazo. Mpiga ngoma yeyote anajua kwamba kuongeza mwendo ni kupandisha joto la uwanja. Nishikado alilifanya hilo kwa saketi za umeme na noti nne.

Mwaka 1983 kampuni ya Nintendo ilianza kuuza Famicom, mashine yake ya gemu ya nyumbani, nchini Japani. Chipu ya mashine hiyo ilikuwa na njia tano za sauti: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya wimbi la pembetatu, moja ya mchakacho, na moja ya kuchezea vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa. Njia hiyo ya tano ilikula nafasi nyingi kwenye kaseti ya gemu, hivyo mara nyingi mtunzi alibaki na nne: mbili za kuimbia, ya pembetatu kwa besi, na mchakacho wa kushika nafasi ya ngoma. Kila njia ilitoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Milio ya mchezo nayo, ya kuruka, ya kupigwa, ya kuokota sarafu, ilipita kwenye njia hizohizo, kwa hiyo sauti mojawapo ya wimbo iliweza kukatwa wakati wowote kwa sababu tu shujaa ameruka shimo. Wimbo ulipaswa kutungwa hivi kwamba ukiondolewa kiungo kimoja kwa nusu sekunde, bado unasimama.

Koji Kondo, aliyeajiriwa na Nintendo mwaka 1984, alitunga muziki wa Super Mario Bros. wa mwaka 1985 ndani ya masharti hayo. Gemu nzima, yaani picha, maelekezo ya programu na muziki, ilikuwa kilobaiti 40, ndogo mara nyingi kuliko picha moja inayopigwa kwa simu leo. Ndani ya nafasi hiyo aliweka mdundo unaomsukuma mchezaji mbele anapokimbia juani, besi yenye wasiwasi anaposhuka mapangoni, na waltz ya mapigo matatu anapoogelea. Saa ya mchezo ikishuka chini ya 100, wimbo uleule huanza kukimbia. Barani Ulaya watunzi wa kompyuta ya Commodore 64 ya mwaka 1982 walikuwa na chipu ya sauti tatu tu, iliyosanifiwa na Bob Yannes. Walipotaka noti tatu zisikike pamoja kwenye njia moja, walizipiga mojamoja kwa kasi kubwa kiasi kwamba sikio linaziunganisha lenyewe. Rob Hubbard na wenzake waliugeuza ujanja huo kuwa mtindo kamili, na mpaka leo wapo watunzi wanaoufuata kwa hiari huku wakiwa na kompyuta zinazoweza kuiga ala yoyote duniani.

Anayeziita kazi hizo kelele hajasikiliza kinachofanyika ndani yake. Kutunga kwa sauti chache zinazojitegemea, kila moja ikiwa na mwendo wake na zote zikipatana, ni miongoni mwa majaribio magumu ambayo mwanafunzi wa muziki hupewa. Mtunzi aliyenyimwa ala hana pa kujificha. Hawezi kufunika wimbo dhaifu kwa vinanda ishirini. Ndiyo sababu nyimbo nyingi za enzi ile bado zinapigwa kwa piano, gitaa na tarumbeta, na hazipungukiwi kitu zinapohama.

Wasomi hawasemi kelele. Wao husema muziki huu ni mtumishi: umetungwa kwa ajili ya kitu kingine, hivyo hauwezi kuwa sanaa kamili. Wasemaji wa Kiswahili walipaswa kuwa wa mwisho kulikubali dai hilo. Pwani na bara, ngoma zimekuwa na shughuli zake: ya unyago, ya jando, ya harusi, ya kilimo, ya kupunga pepo. Taarab imepigwa harusini kwa vizazi. Hakuna aliyewahi kusema ngoma ya unyago imepungukiwa na uimbaji kwa sababu kuna mwari anayefundwa. Ulaya nayo ilikuwa hivyohivyo. Mwaka 1717 Handel alitunga muziki wa kusindikiza safari ya Mfalme George I juu ya mto Thames. Bach alipokuwa Leipzig alitunga kantata kwa ajili ya ibada za Jumapili, moja baada ya nyingine, kwa ratiba ambayo haikumngoja. Wazo kwamba muziki wa kweli ni ule usio na kazi yoyote, unaosikilizwa na watu walioketi kimya, lilishika nguvu katika kumbi za tamasha za karne ya 19. Ni desturi ya mahali fulani na wakati fulani, nayo imefanywa kipimo cha muziki wa dunia nzima.

Tena dai la utumishi halioni jambo lililo kubwa zaidi katika muziki huu. Mtunzi wa filamu anajua mlango utafunguka sekunde gani, na mwandishi wa simfonia anajua noti ya mwisho itapigwa lini. Mtunzi wa gemu hajui lolote kati ya hayo. Mchezaji mmoja atavuka msitu kwa dakika mbili. Mwingine atapotea humo saa nzima. Mmoja ataikimbia vita, mwingine ataianzisha kabla wimbo wa amani haujapumua. Anayetunga lazima atayarishe muziki ambao utakuwa na mantiki katika kila njia ambayo mtu asiyemjua ataamua kupita, na kila mchezaji lazima asikie kana kwamba wimbo ulimngoja yeye.

Njia za kulitatua jambo hilo ni sehemu ya historia ya utunzi, ingawa vitabu vya muziki haviigusi sana. Katika Super Mario World ya mwaka 1990, Mario akimpanda mnyama aitwaye Yoshi, ngoma za bongo huingia juu ya wimbo unaoendelea, na akishuka hutoka, bila wimbo kukatika. Mwaka uliofuata Michael Land na Peter McConnell wa kampuni ya LucasArts walitumia mfumo walioubuni, iMUSE, katika Monkey Island 2. Mhusika akitoka nyumba moja kuingia nyingine, muziki hausimami wala hauruki. Unangoja mahali panapofaa, kisha unavuka kwa kipande kilichotungwa mahsusi kwa mvuko huo. Ilibidi watunge si nyimbo tu, bali pia namna ya kutoka ndani ya kila wimbo kutoka pointi nyingi tofauti. Miaka karibu 20 baadaye, kwa ajili ya Red Dead Redemption ya mwaka 2010, Bill Elm na Woody Jackson walirekodi muziki kwa ufunguo mmoja na mwendo mmoja wa mapigo 130 kwa dakika. Kwa hiyo gitaa la kipande kimoja liliweza kukaa juu ya ngoma za kingine bila kugongana, farasi akitembea polepole au risasi zikianza kulia. Muziki wa aina hiyo haujakamilika mpaka mtu acheze. Anayeshika pedi ya kuchezea gemu amekuwa mmoja wa wapigaji, na hakuna namna nzuri ya kuuita uhusiano huo utumishi.

Hapa pia linaanguka lawama la kurudiarudia. Ni kweli kwamba nyimbo nyingi za gemu za miaka ya 1980 zina urefu wa dakika moja au mbili, kisha zinarudi mwanzo na kuzunguka bila kikomo. Lakini sebene ya muziki wa Kongo nayo huzunguka. Magitaa hushika mzunguko mmoja na kuusuka upya, na urefu wake huamuliwa na wanaocheza ukumbini, si na saa ya ukutani. Hakuna mtu wa Kinshasa, Dar es Salaam au Nairobi anayeondoka ukumbini kwa hasira kwa sababu sebene imerudia. Ugumu uko katika kutunga mzunguko usiochosha na kuuficha mshono wake. Kondo alipokuwa akitayarisha The Legend of Zelda ya mwaka 1986 alikusudia kuifungua kwa Boléro ya Ravel, akagundua kwamba haki za kazi hiyo hazijaisha muda, akatunga wimbo wake mwenyewe ndani ya usiku mmoja. Boléro ya mwaka 1928 ni mdundo uleule wa ngoma na nyimbo zilezile zikirudiwa kwa takriban robo saa, na kumbi za heshima huipigia makofi. Kama kurudia ni kosa, basi kosa hilo lihesabiwe kwa wote.

Lipo jambo ambalo wakosoaji wanalo sawa, nalo lisifichwe. Mashine za kamari zilizotapakaa mitaani, na gemu nyingi za simu zinazomtaka mchezaji alipie kila hatua, hutumia vijimlio vilivyopangwa kumfanya mtu asinyanyuke na aendelee kutoa pesa. Vijimlio hivyo vinastahili kulaumiwa. Lakini muziki wa matangazo ya biashara pia hupangwa kwa nia hiyo, na hakuna aliyewahi kuuhukumu muziki mzima wa redio kwa sababu ya tangazo la sabuni.

Anime, yaani katuni za Japani, imebebeshwa mzigo uleule: ni katuni, basi muziki wake ni wa katuni. Yoko Kanno alianza kazi kwa kutungia gemu za kihistoria za kampuni ya Koei katika miaka ya 1980, kisha akahamia anime. Kwa ajili ya Cowboy Bebop ya mwaka 1998 aliandika jazi, bluzi na mengine mengi kwa bendi aliyoikusanya. Mwongozaji Shinichiro Watanabe alipokea nyimbo ambazo hakuwa ameziagiza, na baadhi ya maonyesho akayabuni kutokana nazo. Muziki ulitangulia, picha zikafuata. Ni vigumu kuona ni nani hapo aliyekuwa mtumishi wa mwenzake.

Dai jingine, linalosemwa na watu wasiojua kwamba ni dai, ni kwamba muziki huu hauna watunzi. Unaonekana kutoka kiwandani pamoja na plastiki ya kaseti. Fikra hiyo ililishwa na kampuni zenyewe. Katika miaka ya 1980 kampuni nyingi za Japani ziliwaficha watunzi wao nyuma ya majina ya bandia. Castlevania ya mwaka 1986 inamtaja mtunzi aitwaye James Banana. Nyuma ya jina hilo alikuwa Kinuyo Yamashita, mwanamke kijana aliyekuwa ameajiriwa na kampuni ya Konami. Manami Matsumae, aliyetunga muziki wa Mega Man ya kwanza mwaka 1987, alitajwa kwa jina la utani. Yuzo Koshiro ni mfano wa nadra wa upande wa pili: jina lake liliandikwa kwenye skrini ya kufungulia ya The Revenge of Shinobi mwaka 1989, pamoja na alama ya haki yake ya utunzi.

Majina hayo yalirudishwa kwa wenyewe, kwa sehemu kubwa, na mashabiki. Walilinganisha nyimbo, wakawatafuta watunzi, wakaandika orodha, wakafanya mahojiano, na wakatengeneza programu za kutoa msimbo wa muziki ndani ya kaseti ili uchezwe kwenye kompyuta kabla mashine za asili hazijafa zote. Kazi ya namna hiyo ikifanywa juu ya santuri za taarab au dansi la zamani huitwa utafiti na hifadhi. Ikifanywa juu ya gemu huitwa kupoteza muda. Tofauti pekee ni heshima ambayo jamii imeamua kuitoa au kuinyima.

Katika orodha hizo linajitokeza jambo ambalo wapenzi wa muziki wa aina nyingine wangefaa kulifikiria: wingi wa wanawake. Yamashita, Matsumae, Junko Ozawa wa Namco na Michiru Yamane ni baadhi tu. Yoko Shimomura alihitimu chuo cha muziki cha Osaka mwaka 1988 akitarajiwa kuwa mwalimu wa piano. Alipochagua kwenda kampuni ya gemu ya Capcom, familia, marafiki na walimu wake walisikitika. Miaka mitatu baadaye alikuwa ametunga sehemu kubwa ya muziki wa Street Fighter II, na mwaka 2002 akatunga wa Kingdom Hearts. Tasnia iliyodharauliwa ilimpa nafasi ya kuandika mapema na kusikika duniani kote, jambo ambalo tasnia nyingi zinazoheshimiwa zimewanyima wanawake kwa vizazi.

Linabaki dai la mwisho, linalosemwa kwa upole zaidi: mtu haupendi muziki huu, anapenda utoto wake. Kumbukumbu kweli imo, kama ilivyo kwa kila mtu na nyimbo za ujana wake. Lakini dai hilo haliwezi kueleza wasikilizaji ambao hawakucheza. Mwaka 2013 wasikilizaji wa Classic FM, redio ya muziki wa klasiki ya Uingereza, waliuweka muziki wa Final Fantasy wa Nobuo Uematsu nafasi ya tatu katika orodha yao ya mwaka, na Uematsu ni mtu aliyejifundisha muziki mwenyewe. Tarehe 23 Julai 2021, katika ufunguzi wa Olimpiki ya Tokyo, timu zote, zikiwemo za Kenya na Tanzania, ziliingia uwanjani kwa muziki wa gemu, kuanzia Dragon Quest ya Koichi Sugiyama. Dunia nzima ilitazama wanariadha wake wakipita kwa nyimbo hizo, na hazikusikika kama makelele ya watoto.

Wasemaji wa Kiswahili wana mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2005 Mmarekani Christopher Tin alitunga "Baba Yetu", Sala ya Bwana kwa Kiswahili, kuwa wimbo wa ufunguzi wa gemu ya Civilization IV. Mwezi Februari 2011 ulipata Grammy, ukawa wimbo wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo hiyo. Uliimbwa katika kumbi za mabara mbalimbali na kwaya ambazo wanakwaya wake wengi hawajawahi kuigusa Civilization. Lugha iliyofungua mlango huo ni hii hii, na bado ni nadra magazeti yake kuupatia muziki wa gemu safu ya kudumu.

Hata hivyo, watetezi wengi wa muziki huu hukosea wanapoishia kwenye tuzo na okestra. Ni kweli kwamba Sugiyama aliupeleka Dragon Quest kwenye ukumbi wa Suntory, Tokyo, mwezi Agosti 1987, na kwamba mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuweka wimbo wa Super Mario Bros. katika rejesta yake ya taifa ya rekodi za sauti. Lakini wimbo wa Kondo ulikuwa kazi bora tangu 1985, kwenye chipu ile, kwenye spika ndogo ya televisheni. Vinanda havikuufanya kuwa muziki. Anayengoja okestra ndipo aamini, amekubali bila kujua kwamba sauti za asili zilikuwa duni.

Kuhusu shabiki mwenyewe, anayedaiwa kuwa amekwama, ushahidi unasema vingine. Mashabiki wamejifunza kuandika noti kwa kusikiliza, kupanga upya nyimbo kwa ala walizonazo, na kusahihishana kwa ukali ambao walimu wa muziki wangeufurahia. Jumuiya ya OverClocked ReMix, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1999, huzipima kazi za mashabiki kupitia jopo kabla ya kuzitoa, na nyingi hukataliwa. Toby Fox alianzia katika mazingira ya namna hiyo, akiwa shabiki wa gemu ya EarthBound anayechezea nyimbo za wengine. Mwaka 2015 alitoa Undertale, gemu aliyoiandika na kuitungia muziki mwenyewe, ambamo vipande vichache vya wimbo hurudi kwa sura mpya kila mhusika anapobadilika, hadi mchezaji anafahamu kwa sikio uhusiano ambao hadithi haijautamka. Mwaka 2019 muziki wake ukasikika ndani ya Pokémon Sword na Pokémon Shield, kando ya ule wa watunzi wa kampuni yenyewe.